Siku saba Kusini: nifanyeje wanangu wasione mawe tu?

*Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi na mke wangu tuna likizo ya siku saba mwezi wa nane. Tunakaa Dar es Salaam na tuna watoto wawili, wa miaka 9 na 13. Tumepanga kuzunguka Kusini kwa gari letu: Kilwa, Lindi, Mikindani, na tukiweza tumalizie Songea kwenye Makumbusho ya Maji Maji. Hofu yangu ni moja. Mwaka juzi tuliwapeleka kwenye magofu fulani, tukazunguka nusu saa, yule mdogo akaniuliza, "Baba, mawe haya ndiyo historia?" Sikuwa na la kumjibu. Safari hii nifanyeje?*

Marahaba, baba. Nimewapeleka wanafunzi Kilwa kwa miaka mingi, na swali la mwanao nimelisikia karibu kila safari, wakati mwingine kutoka kwa walimu wenzangu. Kwanza tupunguze ratiba, maana hiyo uliyoandika ndiyo itakayowafanya waone mawe.

Songea itoe. Kutoka Mtwara hadi Songea, kupitia Masasi na Tunduru, ni zaidi ya kilomita 600, na mahali penyewe hapastahili kufikiwa na watoto waliochoka. Songea inataka safari yake, na wakati wake ni mwisho wa Februari, kunapofanyika kumbukumbu ya viongozi na wapiganaji wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Mwanao wa miaka 13 mpeleke akiwa na miaka 14 au 15. Lindi mjini mpite tu, lakini nina jambo la kuwaonyesha hapo. Siku zako nyingi zibaki Kilwa: tatu kamili bila kuhesabu siku ya kusafiri. Moja ya Kilwa Kisiwani, moja ya Songo Mnara, moja ya Kivinje. Ya tano mwende Mikindani, ya sita mtulie hapo, ya saba ni ya barabara tupu hadi nyumbani.

Kabla hamjaondoka, kuna kazi ya saa moja hapo hapo Dar. Nendeni Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, moja kwa moja kwenye vitu vya Kilwa: vigae vya vyombo vya China na vya nchi za Ghuba, shanga, sarafu. Msizunguke jumba zima. Nasema hivi kwa sababu shida kubwa ya magofu yetu ni kwamba jengo liko sehemu moja na vilivyokuwa ndani yake viko sehemu nyingine. Mtoto akiingia chumba kitupu cha mawe hana cha kukijazia. Akiwa ameshaliona bakuli la kijani la Kichina kwa macho yake, siku tatu baadaye ukamwonyesha kidaka, yaani kishimo cha kuwekea vitu ukutani, ataliweka bakuli mle mwenyewe. Waache wachague kitu kimoja kila mmoja, wakichore kwenye daftari, na daftari lisafiri nao.

Zitazameni sarafu kwa makini hata kama ni ndogo na zimechakaa. Masultani wa Kilwa walifua sarafu zao wenyewe za shaba, zenye jina la sultani upande mmoja na maneno ya kumtaja Mungu upande wa pili, na pande hizo mbili zina vina kama ubeti wa shairi. Moja iliokotwa kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu. Nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na hadi leo watafiti wanabishana zilifikaje huko. Yule mdogo mwachie fumbo hilo njia nzima.

Sasa Kisiwani. Mtalala Kilwa Masoko, na asubuhi mtaanzia ofisi ya hifadhi ya magofu pale Masoko: mnalipa, mnapewa kibali na mwongozaji. Msijaribu kuvuka bila kibali, na msimkatae mwongozaji kwa kubana matumizi, kwani wengi wao ni wenyeji na wanajua nani amezikwa wapi. Kuvuka ni mwendo mfupi, lakini mwezi wa nane upepo wa kusi bado unavuma na alasiri bahari huchafuka. Vukeni mapema.

Jambo ambalo ningependa ulishike kuliko mengine yote ni kuwafundisha watoto kusoma ukuta kabla hujawaambia jina la sultani yeyote. Ukuta wa Kilwa una mawe ya aina mbili. Lile la kawaida, lenye mashimo na ncha kali, ni jiwe la matumbawe ya kale lililochimbwa ardhini, likashikizwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Lakini tazameni kwenye miimo ya milango, kwenye mihrabu, yaani kidaka kikubwa cha msikitini kinachoonyesha upande wa Makka, na kwenye nakshi. Hapo jiwe ni laini, jeupe, limekatwa kwa pembe safi kama sabuni. Hilo ni tumbawe lililotolewa baharini likiwa bichi, maana likiwa bichi linachongeka kwa urahisi, na likikauka linakuwa gumu. Kwa hiyo kila mlango wenye nakshi una mtu aliyezama majini kuliko na jiwe, akalipandisha, na fundi akalichonga kabla halijakauka. Mwulize mwanao: katika jengo hili, ni wapi walipojali zaidi? Atakuonyesha kwa kidole, kwa sababu jiwe lenyewe linasema.

Halafu wapimeni vyumba kwa hatua. Watakuta chumba baada ya chumba ni kirefu lakini chembamba, upana wake hatua chache tu, kiasi cha mita mbili na nusu au tatu. Waache wakune vichwa. Jibu liko juu, mahali ambapo sasa pana anga: dari lilibebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba ulikuwa urefu wa boriti inayoweza kubeba uzito wa paa la mawe na chokaa. Mti wa pwani ndio uliopanga nyumba ya tajiri. Nimewaona watoto waliokuwa wamenuna wakianza kukimbia kutoka chumba hadi chumba kuhakikisha kama ni kweli kila mahali. Tena mtakapofika Msikiti Mkuu, wataona jinsi mafundi walivyoishinda boriti.

Msikiti huo msiupite haraka. Upande wa kaskazini ndio wa zamani zaidi, wa karne ya 11 hadi ya 12, mdogo, uliokuwa na paa bapa. Kusini yake kuna sehemu kubwa iliyoongezwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yenye matao na kuba, kisha ikabomoka na kujengwa upya karne iliyofuata. Wasimamishe watoto mahali pa kuungana kwa sehemu hizo mbili: nyuma yao boriti, mbele yao tao. Tao halihitaji boriti ndefu, linabebana lenyewe kwa lenyewe, ndiyo maana msikiti ukaweza kupanuka hivyo. Mkiwa na dira ya simu, tazameni mihrabu inaelekea wapi. Ni kaskazini hasa, maana Makka iko karibu juu yetu kabisa kwenye ramani. Hata mkipotea ndani ya kichaka, msikiti wowote wa zamani utawaonyesha kaskazini.

Ndani ya mji huo, mwaka 1331, alifika Ibn Battuta, yule msafiri wa Tangier, Moroko. Aliandika kwamba Kilwa ni miongoni mwa miji mizuri, na kwamba sultani wake, al-Hasan huyo huyo, aliitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Utajiri wa ukarimu huo ulikuwa dhahabu iliyotoka bara, kwenye uwanda wa Zimbabwe, ikapitia bandari ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, pamoja na pembe za ndovu. Kutoka ng'ambo zikaja nguo, shanga na vyombo. Ramani iwe mkononi wakati unasema haya.

Kisha tembeeni hadi Husuni Kubwa, nje ya mji, juu ya mwinuko unaotazama bahari. Ni mwendo kidogo na jua ni kali, bebeni maji. Ni kasri la al-Hasan, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pembe nane. Inaonekana halikumalizwa kujengwa, na halikukaliwa muda mrefu. Ndipo ninapopapenda kuliko pote Kilwa, kwa sababu pana ukimya wa mtu aliyeanza jambo kubwa kuliko uwezo wa warithi wake. Kuleni chakula mlichobeba mkiwa nje ya kuta, kisha kaeni kando ya birika, msihubiri. Muulize tu yule wa miaka 13: maji ya kujaza birika hili yalitoka wapi, na nani aliyebeba?

Swali hilo la nani aliyebeba liulizeni kila mahali. Wakazi wengi wa Kilwa hawakuishi kwenye nyumba za mawe, waliishi kwenye nyumba za miti na udongo ambazo hazikuacha ukuta. Kila eneo tupu lenye nyasi kati ya magofu huenda lilikuwa mtaa. Mkipita kijiji cha sasa cha Kisiwani, mtaona nyumba za aina hiyo bado zinajengwa, na watu wanaishi ndani yake. Kwa hiyo mavazi ya heshima, salamu kwanza, na picha baada ya kuomba. Makaburi na misikiti hata iliyobomoka si mahali pa kupanda ukapigwa picha.

Pale pwani mnaposhuka kuna jengo linaloitwa Gereza. Wareno waliiteka Kilwa mwaka 1505 na kujenga ngome, wakaondoka mwaka 1512. Sehemu kubwa ya jengo mnaloliona leo ni ya Waomani wa baadaye. Neno lenyewe, gereza, wanaisimu wanalitoa kwenye neno la Kireno la kanisa, igreja. Jirani yake kuna Makutani, kasri la karne ya 18 lililozungukwa na ukuta. Hapo usimfiche mkubwa ukweli: ufufuko wa Kilwa wa karne hiyo ulilishwa na biashara ya watumwa. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa aliwekeana mkataba na Mfaransa aitwaye Morice wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka, wa mashamba ya visiwa vya Bahari ya Hindi. Kwa hiyo kuta mbili zinazofanana kwa jiwe na chokaa, za Husuni na za Makutani, zinasimulia pesa mbili tofauti.

Siku ya Songo Mnara, nahodha atawauliza saa, nanyi mwulizeni maji. Kisiwa kimezungukwa na mikoko, na maji yakipwa boti haifiki ufukweni. Mtashuka na kutembea kwenye maji na tope. Kama siku yenu imeangukia bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, pangeni muda na nahodha tangu jana yake, mfike maji yakiwa yanajaa. Viatu vya kulowa, siyo vya ngozi.

Taabu hiyo inalipa. Songo Mnara ni mji uliojengwa mwishoni mwa karne ya 14 na kuachwa karne ya 16, na haukujengewa mji mwingine juu yake. Una nyumba za mawe zaidi ya 40, misikiti kadhaa, makaburi katikati ya mji, na ukuta wa nje. Kisiwani mlisoma majumba ya watawala, hapa mnasoma nyumba za familia. Tafuteni ngazi za kushukia uani, maana nyua zilichimbwa chini kidogo kuliko vyumba. Tafuteni baraza alikopokelewa mgeni, kisha hesabuni milango mingapi mnavuka hadi chumba cha ndani kabisa. Chagueni nyumba moja iwe "yenu", kaeni nusu saa, kila mtoto aseme angelala chumba kipi na kwa nini. Daftari lenye bakuli la makumbusho lifunguliwe hapa, mbele ya kidaka.

Vigae mtaviona chini, vya rangi ya kijani na buluu, hasa mvua ikiwa imeosha njia. Watoto watataka kuokota, na hata watu wazima. Msiokote. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza, lakini mpe mtoto sababu inayoeleweka: kigae kikiwa mahali pake kinamwambia mtafiti nyumba hii ilikuwa ya nani na ya lini, na kikiwa mfukoni mwako hakisemi lolote. Waruhusu wakipige picha na kukiacha pale pale kilipo.

Utaona pia kuta za kuzuia bahari. Magofu haya mawili yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 yalikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mawimbi yalikuwa yanakula ufukwe chini ya majengo, na mikoko ilikuwa imepungua. Hayo mwongozaji wenu atayaeleza vizuri kuliko mimi, maana wengine walishiriki kazi yenyewe. Mpeni nafasi.

Kivinje iko nyuma kidogo, upande wa Nangurukuru. Wengi huiruka kwa kuwa haina kibao kikubwa, na ni kosa. Karne ya 19 hapa ndipo njia ya misafara kutoka Ziwa Nyasa ilipoishia, watu na pembe wakapakiwa vyomboni. Kisha ikawa kituo cha Wajerumani. Nyumba za ghorofa zilizobomoka nusu, milango ya nakshi na soko la samaki viko mtaa mmoja, na watu wanaishi humo humo.

Nendeni mkatafute kumbukumbu mbili. Moja ni ya Wajerumani wawili wa kampuni ya kikoloni waliouawa Septemba 1888, wenyeji walipokataa kampuni hiyo kuwatawala. Nyingine iko mahali panapoitwa Mwembe Kinyonga, palipokuwa na mwembe waliponyongewa waliopinga utawala huo, akiwemo Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Zisomeni zote mbili kwa sauti. Kisha mwulize mkubwa: nani aliyejenga hii, na nani ile, na kila mmoja alitaka nimkumbuke nani? Mtoto wa miaka 13 aliyelishika swali hili mjini Kivinje ataweza kuingia jumba lolote la makumbusho duniani na kulisoma. Ningekuwa na siku moja tu ya kumfundisha historia mwanangu, ningeitumia hapa, si kwenye kasri.

Milima ya Matumbi iko nyuma ya mji huo. Mwezi Julai 1905, kule Nandete, watu waliolazimishwa kulima pamba waliing'oa, na Maji Maji ikaanza. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa dawa ya maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa changa. Mtakuwa Kilwa mwezi huo huo wa nane. Makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa, yako kati ya 75,000 na 300,000. Hiyo ndiyo habari mtakayoikuta imekamilika Songea, na ndiyo sababu nasema Songea ije baadaye: mtakwenda mkiwa mmeshaona ilikoanzia. Mkubwa mwambie pia kwamba Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea Novemba 2023 na kuomba msamaha.

Mkiingia Lindi, simamisheni gari mahali mnapoiona bandari. Mwaka 1909 hadi 1913 zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria zilipita hapo kwenda Berlin, zilizochimbwa Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa mji. Zilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, mwendo wa siku kadhaa kwa kila safari. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Taja jina lake, watoto walirudie. Mnyama mmoja kati ya hao amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho la Berlin, ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Tendaguru yenyewe msiende safari hii: njia ni ngumu na mkifika mtaona pori. Dakika 20 za bandarini zinatosha, na yule mdogo hatazisahau.

Mikindani iwe ya kupumzika. Ni mji mdogo kando ya ghuba tulivu, kilomita chache kabla ya Mtwara. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 lilikarabatiwa na kwa miaka mingi limekuwa hoteli, na kutoka juu yake mnaiona ghuba yote. David Livingstone alishukia hapa Machi 1866 kuanza safari yake ya mwisho ya bara, na kuna kibao kinachosema hivyo. Zungukeni mitaani jioni, waache watoto waongoze. Kufikia hapo watakuwa wanawaonyesha ninyi: hili ni tumbawe bichi, hili ni jiwe la kuchimba, hapa palikuwa na boriti.

Na Jumamosi baada ya kurudi, rudini Makumbusho ya Taifa na daftari lile lile. Safari hii kaeni muda mrefu. Yule mdogo msimamishe mbele ya bakuli alilolichora, wewe nyamaza, mwache yeye akueleze lilikuwa limewekwa wapi.